Hesabu Imekubali, Kazi Imekataa: Kutafuta Kasoro Kwenye Picha za Maumbo na Malighafi Mchanganyiko

Picha iliyojengwa juu ya hesabu na kutengenezwa kwa malighafi mchanganyiko huharibika kwa njia mbili. Ama hesabu ilikuwa na kasoro tangu ikiwa daftarini, ama ilikuwa sahihi lakini ilipigwa kwa penseli, halafu ikatekelezwa kwa kitenge, maharage, vifuniko vya soda na udongo, vitu vyenye unene wake, unyevu wake na ukaidi wake. Vijana wa Mbeya na Iringa wanaotengeneza paneli za ukutani, na walimu wanaoandaa kazi za maonyesho ya shule, wakikwama hukimbilia kufuta mchoro. Ninavyoona mimi, mchoro ndio unaoonewa zaidi. Kasoro nyingi zinazaliwa pale kipimo kinapochukuliwa kwenye karatasi badala ya kuchukuliwa kwenye kitu chenyewe kitakachobandikwa.

Kwa hiyo kabla ya kubandua chochote, tenganisha mambo haya mawili. Tandika karatasi nyembamba juu ya kazi, fuatisha mistari mikuu kwa penseli, kisha iondoe na uitazame peke yake. Ukiona mistari hiyo inasimama vizuri na nafasi zinafungana, achana na hesabu. Tafuta kwenye gundi, unene, mpangilio wa tabaka na rangi. Ukiona hata mistari mitupu inayumba, usihangaike na gundi. Kama kazi ni kubwa mno kuifunika, ipige picha kwa simu, uibadilishe picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka, uzito wa kila upande hauna pa kujificha.

Safu ya mwisho haitoshi, au inaacha mwanya

Hii ndiyo dalili inayoongoza. Umeanza kubandika vipande vya mraba vya sm 3 kutoka ukingo wa kushoto, mambo yanakwenda vizuri, ukifika kulia kipande cha mwisho kinaning'inia nje ya ubao au kinaacha ufa wa kuingiza kidole.

Anza kwa kujiuliza ulipimaje. Ukikata kila kipande kwa kukifuatisha kile kilichotangulia, na kila kimoja kikazidi kwa milimita moja tu, vipande 20 vitakuletea sm 2 za ziada. Kukata kwa uangalifu zaidi hakutakuokoa, kwa sababu hakuna mkono usiokosea milimita. Weka futikamba kwenye ukingo wa kushoto, usiinyanyue, tia alama kwenye 3, 6, 9, 12 mpaka 60. Hapo kosa la alama moja linaishia kwenye alama hiyo hiyo, alama inayofuata hairithi kitu.

Kama ulipima hivyo na bado safu imegoma, tazama unene. Kipande cha kitenge kilichokunjwa ukingo si sm 3 tena. Vipande vya mwanzi vilivyopasuliwa havilali bega kwa bega, vinaachiana nafasi ndogo ndogo. Chukua vipande 10 vya malighafi utakayotumia, vipange kwenye mbao chakavu kwa gundi ile ile na mkono ule ule, pima urefu wote kisha gawanya kwa 10. Ukipata mm 31.5 wakati mchoro wako unasema mm 30, badilisha mchoro. Usijaribu kuilazimisha malighafi itii penseli.

Halafu kuna ubao wenyewe. Plaiwudi iliyokatwa kwa msumeno wa mkono ni nadra kuwa na kona nne za mraba. Hakikisha pande zinazotazamana zinalingana, kisha pima ulalo wa kwanza na wa pili. Zikilingana, kona ziko sawa. Zisipolingana, tumia 3-4-5 ya waashi: sm 30 upande huu, sm 40 upande ule, na kati ya alama hizo mbili ziwe sm 50 kamili. Misingi ya nyumba Uyole inapigwa kwa namna hiyo hiyo, kamba na vigingi. Huna haja ya kukata ubao upya. Piga mstatili sahihi ndani yake, ukingo uliopinda utafunikwa na fremu.

Chanzo cha mwisho ni umbo lisiloweza kufunga hata likikatwa kwa mashine. Pembetano sahihi ina pembe za nyuzi 108. Tatu zikikutana kwenye nukta moja zinafika 324, pengo la nyuzi 36 linabaki. Ya nne haiingii. Katika maumbo yenye pande sawa na pembe sawa, ni matatu tu yanayofunika uso bila kuacha nafasi: pembetatu, mraba na pembesita, kwa kuwa nyuzi 60, 90 na 120 zinaingia kwenye 360 bila baki. Kama moyo wako uko kwenye pembetano, lipe pengo kazi. Lijaze mchanga uliochekechwa au unga wa mkaa uliochanganywa na gundi, lionekane limepangwa tangu mwanzo, na kwa kweli litakuwa limepangwa.

Wenye vifuniko vya soda wana tatizo la pekee: vifuniko vinaisha kabla ya ubao kujaa, au mapengo kati yake yanaonekana makubwa. Kifuniko kina kipenyo cha nje cha karibu mm 32. Ukivipanga kwa safu zilizonyooka, kimoja juu ya kingine, vinafunika asilimia 78.5 tu ya eneo. Ukiisogeza kila safu ya pili kwa nusu ya kifuniko ili vya juu vikae kwenye mabonde ya vya chini, vinafunika asilimia 90.7, na umbali wa safu hadi safu unakuwa kipenyo mara 0.866, yaani mm 27.7. Kwenye ubao wa sm 60 kwa 60, mpango wa kwanza unachukua vifuniko 324 na wa pili 378. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kuanza kuviokota kwenye vibanda vya Mwanjelwa. Aliyekusanya 330 akiwa ameshapiga mistari ya mpango wa pili atakwama safu tatu za mwisho hazijajaa.

Pambo la duara halikutani mwanzo na mwisho

Mara nyingi hapa kamba ya katani inazungushwa kutoka katikati, na juu yake unapaka rangi au kubandika petali za kitambaa. Katikati pambo linakaa vizuri. Mizunguko minne baadaye petali zimeachana, au umelazimika kuchomeka petali nusu.

Hesabu yake ni fupi na ina raha yake. Mzingo wa duara ni nusukipenyo mara 2 mara 3.14. Kamba yenye unene wa sm 1 inaongeza nusukipenyo kwa sm 1 kila mzunguko, kwa hiyo kila mzunguko ni mrefu kuliko uliotangulia kwa takriban sm 6.3. Haijalishi uko karibu na katikati au umefika ukingoni, nyongeza ni ile ile. Ukiwa na petali 8, kila petali ipanuke kwa karibu sm 0.8 kwa kila mzunguko. Asiyeipanua atapata mapengo. Asiyetaka kuipanua aongeze idadi, na aiongeze kwa mpango: 8, kisha 16, si 8, kisha 9.

Ukitaka kuliona jambo hili likifanywa na mikono inayolijua, chukua kikapu cha Iringa, vile vya milulu wanavyosuka wanawake wa Kihehe, ukitazame kutoka kitakoni kwenda juu. Fuatilia pambo moja kwa kidole, hesabu nyuzi zake pale linapoanza na pale kikapu kinapotanuka. Kuna hisabati halisi pale. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji mpaka alipofariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuichunguza jiometria iliyomo kwenye ususi wa watu wa huko. Sisi tunavinunua vikapu sokoni na kuweka vitunguu. Ningependa kila mwalimu wa sanaa Iringa aweke kimoja mezani pamoja na bikari.

Kama duara haliwezi kugawanyika sawasawa, chanzo huwa idadi uliyochagua. Sita ni rahisi kwa sababu nusukipenyo chenyewe, kikitembezwa kwa bikari kwenye mzingo, kinaingia mara 6 kamili. Nne na nane unapata kwa kukunja. Saba ndiyo inayosumbua: 360 kwa 7 ni nyuzi 51.43, na kipimapembe cha seti ya shule hakisomi hivyo. Achana na kipimapembe. Zungusha ukanda wa karatasi kwenye mzingo, ukate pale ncha zinapokutana. Ulaze ukanda huo mshazari juu ya mistari iliyochorwa kwa nafasi sawa, kama ya daftari, ncha moja ikiwa kwenye mstari wa kwanza na nyingine kwenye mstari wa nane. Kila mstari unapoukata ukanda, tia alama. Umepata sehemu saba zilizo sawa bila kugawanya chochote. Ukanda ukiwa mrefu kuliko daftari, chora mistari minane mipana zaidi kwenye karatasi ya kaki ufanye vile vile. Rudisha ukanda kwenye duara, hamisha alama.

Alizeti inageuka nyota

Picha ya kichwa cha alizeti kwa mbegu, maharage au punje za mahindi inapendwa sana kusini huku, na haki yake, alizeti tunaiona mashambani kila msimu. Dalili yake ni hii: badala ya mizunguko inayopishana, mbegu zinajipanga kwenye mikono iliyonyooka na kuacha njia tupu katikati yake.

Chanzo ni pembe. Kila mbegu inakaa nyuzi 137.5 kutoka ile iliyotangulia. Aliyeona 137.5 inasumbua akaiweka 135 amejiletea nyota mwenyewe, kwa kuwa 135 mara 8 ni 1080, yaani mizunguko 3 kamili. Mbegu ya tisa inaangukia kwenye mstari wa kwanza, ya kumi kwenye mstari wa pili, na mikono minane inajichora bila kuombwa. Kwa 137.5, hatua nane zinafika 1100, nyuzi 20 mbele ya ulipoanzia, kwa hiyo mbegu haipandi mgongoni mwa nyingine. Zile nyuzi mbili na nusu ndizo picha yote.

Wapo wanaotumia 137.5 sahihi na bado wanapata fujo. Hao wanapima kila pembe kutoka mbegu iliyopita, na lile kosa linalojikusanya tuliloliona kwenye miraba linarudi. Andika orodha ya pembe kutoka sifuri: 137.5, 275, 52.5, 190, 327.5, 105, 242.5, 20, na kuendelea. Kila unapopita 360, toa 360. Pima zote kutoka mstari mmoja usiobadilika.

Umbali kutoka katikati nao una kanuni yake. Usiongeze urefu sawa kwa kila mbegu, maana ukingo utakuwa mtupu na katikati kutajaa. Umbali ni kipeuo cha pili cha namba ya mbegu mara kipimo kimoja unachokichagua. Kipimo kikiwa sm 1, mbegu ya 4 iko sm 2 kutoka katikati, ya 9 iko sm 3, ya 100 iko sm 10. Kwa maharage ya urefu wa sm 1, kipimo cha mm 7 kinatosha kuyaweka karibu bila kugongana. Chambua maharage kwa ukubwa kwanza. Maharage ya kununua sokoni huwa na makubwa na madogo, na ukiyachanganya ovyo utadhani pembe imekosewa kumbe ni lile kubwa limemsukuma jirani yake. Madogo yakae katikati, makubwa pembeni.

Ukimaliza, hesabu mikunjo inayokwenda kulia na inayokwenda kushoto karibu na ukingo. Inapaswa kuwa namba mbili zinazofuatana kwenye mfululizo wa 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55. Ukipata 13 na 21, kazi iko sawa. Ukipata 12 na 20, kuna mahali ulipokosea.

Kila ua limepata rangi ile ile

Tatizo dogo, linaudhi. Umepanga maumbo 6 kwa zamu na rangi 3 kwa zamu, ukitarajia mchanganyiko mwingi, lakini nyota zote zimetoka nyekundu na majani yote ya bluu. Sita inagawanyika kwa tatu, ndiyo maana. Zamu mbili zinarudi mwanzo pamoja baada ya kigawe kidogo cha shirika cha namba hizo: 6 na 3 ni baada ya vipande 6 tu. Maumbo 5 na rangi 3 yanarudi baada ya 15, maumbo 5 na rangi 7 baada ya 35. Punguza au ongeza umbo moja.

Ubao umejikunja, vipande vinabanduka

Hapa karatasi ya penseli imeshakuambia hesabu haina neno. Sasa uliza ni nini kilichonyonya maji na ni nini kilichoyatoa.

Karatasi, manila au kadibodi iliyopakwa gundi nyeupe upande mmoja hutanuka ikiwa mbichi, kisha husinyaa ikikauka na kuuvuta ubao wote. Dawa ni kuupa upande wa nyuma mzigo ule ule: bandika karatasi ya kaki nyuma, kwa gundi ya kiasi hicho hicho, siku hiyo hiyo. Halafu kandamiza chini ya mbao nzito mpaka ikauke kabisa. Karatasi pia ina uelekeo wa nyuzi zake, nayo hutanuka zaidi kukatisha nyuzi kuliko kuzifuata. Ichane: inakochanika kwa kunyooka ndiko nyuzi zinakoelekea. Nyuzi za mbele na za nyuma zielekee upande mmoja.

Mahali unapofanyia kazi kuna maana. Tukuyu inapata mvua zaidi ya mm 2,000 kwa mwaka, Iringa mjini haifikii nusu ya hapo. Paneli iliyokaushwa Tukuyu wakati wa masika na kupelekwa Iringa mwezi wa tisa itaendelea kukauka ukutani kwa mteja, mbao zitasinyaa kukatisha nyuzi zake, na vipande vilivyobanwa bila nafasi vitachomoka. Ubao wa namna hiyo uache ukae ndani mahali pakavu wiki kadhaa kabla ya kupima chochote. Na kwa wa Njombe na Makete: gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10. Ikikauka imekuwa nyeupe kama chaki badala ya kuwa angavu, ujue haikushika, hata kama kipande bado kimekaa. Mwezi wa sita na wa saba gundisha mchana, na ubao uwe umeshaota joto la ndani, si ule uliotoka stoo asubuhi.

Mpangilio wa tabaka ndio unaofuata. Rangi ya maji inakaa chini, rangi ya mafuta inakaa juu. Ukigeuza, rangi ya maji itabanduka kama ngozi, kwa sababu haikupata pa kushika kwenye uso wa mafuta. Kama umeshageuza, piga msasa mpaka mng'ao uondoke, futa vumbi, anza tena. Mkaa nao, hata uwe mzuri namna gani kwa kivuli, ni vumbi. Gundi iliyopakwa juu yake inashika vumbi, na vumbi halijashika ubao. Bandika kwanza, chora kwa mkaa baadaye, kisha puliza vanishi kwa mbali.

Kitenge kipya huwa na wanga wa kiwandani. Kifue, kipige pasi, ndipo upime. Kitasinyaa kidogo na kitaacha kuteleza kwenye gundi. Ukienda kwa fundi cherehani kuomba masalia, mwambie, "Fundi, naomba vipande, ila visiwe vya mshazari." Kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika, na pembetatu uliyoikata sawasawa itakuwa imebadilika umbo kabla haijafika kwenye ubao. Ukiwa huna kingine, paka gundi iliyochanganywa na maji nyuma ya kitambaa, ikauke, ndipo ukate.

Majani ya mgomba na maganda ya mahindi yasibandikwe mabichi. Hilo sina la kuongeza.

Udongo una hesabu yake na watu wengi wanaikosea. Tengeneza kipande cha majaribio cha urefu wa sm 10 kamili, kikaushe, kichome, kipime. Tuseme kimebaki sm 9. Ukitaka kigae cha mwisho kiwe sm 9, hukati sm 9 na kuongeza asilimia 10, maana hiyo ni sm 9.9. Unagawanya 9 kwa 0.9, unapata 10. Tofauti ya milimita moja ni ndogo kwa kigae kimoja, lakini safu ya vigae 20 inarudi kuwa karibu sm 2 zile zile.

Na wanaotumia vipande vya vyungu vilivyovunjika, kama vile vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema, hukuta vipande vinayumba na kubanduka kona. Kipande cha chungu kimepinda. Kinyanyuko chake katikati ni upana mara upana, gawanya kwa nusukipenyo mara 8. Chungu chenye nusukipenyo cha sm 15 kikikupa kipande cha upana wa sm 6, katikati kinanyanyuka sm 0.3. Kivunje nusu, upana sm 3, kinyanyuko kinashuka mpaka chini ya milimita moja. Upana umepungua mara mbili, mwinuko umepungua mara nne. Vipande vidogo vinalala. Vikubwa vinahitaji kitanda cha saruji au gundi nzito.

Picha inaelemea upande mmoja

Mistari iko sawa, hakuna kilichobanduka, na bado jicho linateleza kushoto. Angalia ile picha ya simu isiyo na rangi. Kipande cha bati kinachong'aa, au doa jeusi la mkaa, lina uzito wa macho kuliko eneo lake. Mchoro wa penseli uliyahesabu maumbo yote kuwa sawa kwa kuwa penseli haing'ai. Tumia kanuni ya mizani: kitu kizito karibu na katikati, kitu chepesi mbali. Doa zito lililo sm 10 kutoka katikati linaweza kutulizwa na kitu chenye theluthi ya uzito wake kikiwekwa sm 30 upande wa pili. Macho si mizani ya dukani, hivyo sogeza kipande kabla hakijagundishwa mpaka picha itulie.

Wengi wakiona picha inaelemea wanatafuta uwiano wa dhahabu, yaani urefu uwe mara 1.618 ya upana, wakidhani ndio utakaoiponya. Kwanza, mara nyingi wanaulaza kwenye karatasi isiyo yake. A3 ni mm 420 kwa 297, uwiano wake ni 1.414, kipeuo cha pili cha 2. Mzunguko wa dhahabu, ule mstari unaojikunja ndani ya mstatili wa uwiano huo, hauwezi kuenea humo mpaka uikate iwe 420 kwa 260. Pili, kwenye ubao wa sm 60 mgawanyo wa dhahabu unaangukia sm 37 na wa theluthi mbili sm 40. Sm 3 hizo zinaonekana ukikata kwa kisu kwenye manila. Ukingo wa jani la mgomba lililochanika unayumba zaidi ya hapo, na hakuna atakayejua ulikusudia nini. Kama malighafi yako ina ukingo wa kuchanika, tumia theluthi, nguvu zako zipeleke kwenye rangi. Uwiano wa dhahabu uuache kwa bati, kioo na mwanzi ulionyooka.

Ukungu, dumuzi na vumbi la njano chini ya fremu

Vumbi la unga likidondoka chini ya picha ya mbegu, kuna wadudu ndani, na vanishi ya juu haitawaua. Wakati ujao weka mbegu kwenye friza siku kadhaa, zianike zikauke kabisa, ndipo ubandike. Kisha paka vanishi mbele na kwenye kingo zote. Kwa picha ambayo tayari imeshambuliwa, toa mbegu zenye matundu, na kama paneli ni ndogo ifunge kwenye mfuko wa nailoni uiingize yote kwenye friza, isipokuwa kama ina udongo usiochomwa.

Ukungu wa kijivu unaoanzia nyuma unatokana na paneli kugusa ukuta wenye unyevu. Ukuta wa Rungwe na Busokelo miezi ya mvua haukauki. Futa ukungu kwa kitambaa chenye spiriti, ianike paneli kivulini, kisha gundisha vipande vya kandambili kuukuu vya unene wa sm 1 kwenye kona zote nne za nyuma ili hewa ipite kati ya ubao na ukuta.